Kabla Hujatuma Pesa kwa Muuzaji Usiyemjua

Fungua Facebook Marketplace ukiwa hapa Tena, weka umbali wa kilomita tano, na utaona vile Eastlands inanunua na kuuza. Friji iko Donholm. Kochi la viti saba liko Umoja. Meko ya gesi pamoja na mtungi iko Kayole, kitanda cha mtoto kiko Buruburu, na bei zote zinaongeleka. Wengi wa hawa wauzaji ni majirani zetu wa kawaida: mtu anahama, mtu amenunua TV kubwa zaidi, mama ameanza biashara ya mashuka akiwa kwa nyumba. Hatuandiki makala hii kukuambia uache kununua huko. Tunaiandika kwa sababu swali linalotufikia baadaye huwa ni lile lile: "Nimetuma pesa, muuzaji amezima simu, mnaweza kunirudishia?" Na jibu, mara nyingi, si lile mtu anataka kusikia.

Kwa hivyo acha tuanze na jibu hilo.

Kwa nini pesa hairudi kirahisi

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Ulikuwa unamtumia mama, ndugu, au mtu wa shamba. Unamjua, anakujua, na akipokea atakupigia kusema asante. "Tuma pesa" iliundwa kwa ajili ya watu wanaoaminiana. Leo tunaitumia kumlipa mtu ambaye hatujawahi kumwona, kwa kitu ambacho hatujawahi kukishika, na bado tunatarajia itulinde kama vile duka linavyoweza kutulinda. Haiwezi. Ukituma kwa namba ya mtu, mfumo unajua kitu kimoja tu: wewe mwenyewe uliweka PIN na ukakubali. Haujui kama ulikuwa unanunua friji au unachangia harambee.

"Lakini si kuna reversal?" Ndiyo, iko. Kwa M-Pesa unatuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456, au unapitia *334#. Huduma hii ipo kwa ajili ya mtu aliyekosea namba, na inafanya kazi vizuri kama pesa bado imekaa kwa akaunti ya aliyepokea. Tapeli hakai na pesa. Dakika chache baada ya wewe kutuma, ameshaitoa kwa ajenti au ameisukuma kwa laini nyingine. Na kama laini hiyo ilikuwa na deni la Fuliza, pesa yako imeshalipa deni la mtu usiyemjua kabla hata yeye hajaiona. Ndiyo maana tunarudia jambo hili hadi watu wanachoka nasi: nguvu yako yote iko kabla ya kuweka PIN. Baada ya hapo unaomba tu.

Tangazo la "nahama"

Kuna tangazo ambalo karibu kila mtu wa Nairobi amelipitia. Mwenye kuuza anahamia Canada au amepata kazi Qatar, anaondoka wiki hii, na anauza vitu vyote vya nyumba. Picha ni safi. TV ya inchi 55 ni 13,000, friji ya milango miwili ni 15,000, mashine ya kufua ni 9,000. Bei zimepangwa kwa akili. Zingekuwa chini zaidi ungecheka na kupita. Zingekuwa juu kidogo ungesema utafikiria. Zimewekwa mahali ambapo unaanza kuhesabu pesa uliyo nayo.

Ukiandika "bado iko?", unajibiwa haraka na kwa heshima. Unaombwa namba ya WhatsApp. Hapo ndipo kazi inaanza, na tuifuate hatua kwa hatua, kwa sababu ukiijua njia yake utaitambua hata wakibadilisha hadithi.

Kwanza anakuambia kuna watu wengine wawili wanaitaka. Hakusukumi. Anasema tu, "Mwenye atalipa mapema ndiye nitamwekea." Ukiuliza kama unaweza kuja kuona, anakubali, lakini leo hayuko, yuko kazini, nyumba iko na mtu wa kazi ambaye hajui mambo ya bei. Halafu anakupa kile kinachoonekana kama msaada: ana mtu wa pickup anayeleta vitu vingine upande wa Umoja jioni hii, kwa hivyo wewe lipa usafiri peke yake, 800 tu, na hiyo ya friji ulipe ukishaiona mlangoni.

Hii ndiyo sehemu inayonasa watu waangalifu. Wewe ulijiapia hutalipa friji kabla ya kuiona, na kweli hujalipa. Umelipa usafiri tu. Lakini tapeli hakuhitaji 15,000 zako mara moja, alihitaji uanze. Saa moja baadaye dereva anapiga simu. Ni mtu mwingine, sauti nyingine, na nyuma yake unasikia magari. Amesimamishwa na kanjo, gari halina kibali cha kubeba mizigo, anahitaji 2,500 atoke na utazikata kwa bei ya friji. Wewe unaona friji yako ikiwa imekaa Jogoo Road kwa jua, na unatuma. Kisha mwenye friji anapiga, amekasirika, dereva amemwambia unachelewesha, sasa anataka nusu ya bei ndiyo awe na uhakika. Kila mara unatuma ili usipoteze kile cha kwanza. Mwisho simu zote mbili zinazimwa, na kwa WhatsApp ile picha yake ya wasifu haionekani tena. Amekubloki.

Ukishajua njia hii, kuna swali moja linaloivunja mapema: "Nitumie video fupi ya friji ikiwashwa sasa hivi, na karatasi iliyoandikwa jina langu na tarehe ya leo ikiwa juu yake." Muuzaji wa kweli atacheka, ataona wewe ni msumbufu, lakini atatuma. Itamchukua dakika mbili. Tapeli hana friji. Atakuwa na sababu: kamera imeharibika, hayuko nyumbani, "sasa hata huniamini?" Hiyo ya mwisho ni nzuri sana kwa sababu inakufanya uone aibu. Usione aibu. Hamjuani.

Unaweza pia kubonyeza picha na kuitafuta kwa Google Lens. Kochi likionekana kwa tangazo la Lagos au Johannesburg, umemaliza. Angalia pia ukurasa wa muuzaji: Marketplace inaonyesha mwaka aliojiunga Facebook. Akaunti ya mwezi jana ni dalili mbaya, ingawa akaunti ya 2011 si cheti cha uaminifu, maana wakora hudukua akaunti za watu na kuzitumia. Kwa Instagram na TikTok, jihadhari sana na duka ambalo limefunga sehemu ya maoni. Mfanyabiashara anayependwa na wateja wake hana sababu ya kuwanyamazisha.

Soma jina, usilipite

Unapotuma pesa, jina la mwenye laini linakuja kwa skrini kabla muamala haujakamilika. Kwa M-Pesa huduma hiyo inaitwa Hakikisha, na wengi wetu tunaipita vile tunapita masharti ya programu. Simama hapo. Muuzaji alikuambia anaitwa Faith na jina limetoka la mwanaume wa majina matatu? Atakuambia ni laini ya mume wake, ya dereva, ya mhasibu. Inaweza kuwa kweli, watu hutumia laini za familia. Lakini friji moja ikiwa na majina matatu (la Facebook, la WhatsApp na la M-Pesa) na yote hayafanani, wewe ndiye unahitaji maelezo.

Namba ya Till au Paybill ni bora kidogo, kwa sababu inaonyesha jina la biashara na inasajiliwa kwa hati. Tunasema kidogo. Till inakuambia kuna mtu aliyejitambulisha mahali, haikuambii atakuletea mzigo. Na ukiona duka lenye jina kubwa linakuomba utume kwa namba ya mtu binafsi "kwa sababu Till iko na shida leo," subiri kesho.

Malipo ya awali: upande wa muuzaji pia uko

Ushauri wa kawaida ni "usilipe kitu kabla ya kukipokea." Jiji, ambayo mwaka 2019 ilichukua soko la OLX hapa Kenya, inawaambia wanunuzi vivyo hivyo: usitume malipo ya awali, kutana na muuzaji mahali pa watu, kagua kitu kwanza. Ni ushauri mzuri. Lakini tuseme ukweli, kuna wauzaji wadogo waaminifu ambao hawawezi kuishi nao. Dada anayeoka keki huko Tena akinunua siagi na mayai kwa ajili ya keki ya Jumamosi, kisha mteja akazima simu Ijumaa jioni, hiyo keki imeandikwa jina la mtoto wa mtu na hakuna mwingine atainunua. Fundi wa viti lazima anunue mbao na sponji. Mwenye mitumba mtandaoni anawekea mtu nguo wiki mbili na mtu hatokei. Wameumizwa na wanunuzi, ndiyo maana wanaomba pesa mbele.

Kwa hivyo tunavyoona sisi, tofauti iko kati ya kitu kinachotengenezwa na kitu ambacho tayari kipo. Keki, kabati na sare ya harusi: malipo ya awali ni haki, lipa sehemu ya kununulia vifaa, na kwanza tembelea karakana au uulize mtu aliyewahi kuhudumiwa. Friji iliyoshaundwa na imekaa kwa nyumba haihitaji malipo ya awali ili iwe friji. Iko hapo. Kama muuzaji anaogopa utamzungusha, mkubaliane siku na saa, ufike kwa wakati. Kufika kwa wakati ni dhamana nzuri kuliko elfu moja.

Kiasi cha kutuma mbele, kwa yeyote usiyemjua, kiwe kile ambacho ukikipoteza leo bado mtakula jioni. Hatuna fomula nyingine.

Mahali pa kukutana

Kitu kidogo, kama simu, viatu au blenda, kutana mchana mahali penye watu na kamera. Greenspan Mall iko karibu, vituo vya mafuta vya Outer Ring vipo, na ukiwa na wasiwasi na mtu, mwambie mkutane karibu na kituo cha polisi cha Buruburu. Ukiona ameghairi ghafla, umejua. Usikubali kubadilishiwa mahali ukiwa njiani: "Nimetoka hapo, panda boda uje ndani kidogo, nitakulipia." Panda boda urudi nyumbani.

Kitu kikubwa huwezi kuletewa kwa duka la kahawa. Itabidi uende kwa nyumba ya mtu. Nenda na mwenzako, mchana, na umtumie mtu aliyebaki jina la ploti, namba ya nyumba na namba ya muuzaji. Salimia keteka, yaani mlinzi au msimamizi wa ploti, na umuulize kama huyo mtu anaishi hapo na kama anahama. Keteka wa Eastlands anajua kila kitu. Friji iwashwe, subiri ianze kuganda, ufue kipande cha nguo kwa mashine, uguse moto wa meko. Ndipo utoe simu yako ulipe, ukiwa umesimama mbele ya kitu chenyewe, ukisoma jina.

Simu za mkono wa pili zina hatari zake

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu kwa simu unaweza kupata mzigo mkononi na bado uwe umepoteza.

Simu ya wizi ni shida ya kwanza. Kila simu ina namba yake ya IMEI, na polisi wakifuatilia simu iliyoibiwa wanaanza na mwenye kuitumia sasa, yaani wewe. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kifungu cha 322, inaadhibu kupokea mali ya wizi kwa kifungo cha hadi miaka 14 ikiwa ulijua au ulikuwa na sababu ya kujua. Simu ya 60,000 uliyouziwa 15,000 saa mbili usiku, bila boksi wala risiti, inaweza kuitwa sababu ya kujua. Piga *#06# kwa simu hiyo na ulinganishe namba na ile ya boksi na ya risiti. Omba picha ya kitambulisho cha muuzaji na mwandikiane hata kwa karatasi ya daftari: jina, namba ya kitambulisho, IMEI, bei, tarehe, sahihi. Mtu anayekataa kuandika hilo anakuambia kitu.

Shida ya pili ni simu ya mkopo. Tangu mipango ya kulipia simu kidogo kidogo ienee, kama M-KOPA na Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom iliyoanza 2020, kuna simu nyingi mtaani ambazo mwenyewe hajamaliza kulipa. Anakuuzia, anaacha kulipa, na siku chache baadaye skrini inajifunga na kudai deni. Kuifuta yote na kuianzisha upya hakusaidii. Kabla hujalipa, ifutwe mbele yako na uiwashe ukiwa na intaneti hadi ifike skrini ya mwanzo. Ikitaja kampuni ya mkopo, au kudai akaunti ya Google ya mtu mwingine, rudisha. Kwa iPhone, hakikisha mwenyewe ametoka kwa akaunti yake ya Apple. "Nitakutumia nenosiri baadaye" haitoshi.

Kwa gari au pikipiki, usitoe hata shilingi kabla hujatafuta rekodi ya namba ya usajili kwa mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona mwenye gari ni nani. Na kwa keja, ile deposit ya nyumba ambayo hujaingia ndani na keteka hamjui "ajenti" huyo, usitume. Nyumba nzuri ya Tena haikai wazi, ni kweli, na matapeli wanaijua hiyo haraka yako kuliko wewe.

Ukiwa wewe ndiye unauza

Muuzaji naye anatapeliwa, na njia maarufu ni ujumbe bandia. Mnunuzi anakuonyesha simu yake, "nimetuma," na kweli kwako inaingia meseji yenye kila kitu. Ujumbe halisi wa M-Pesa unatoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya simu ya kawaida, na salio lililoandikwa linalingana na lako. Usisome meseji tu. Angalia salio mwenyewe kabla mzigo haujatoka mkononi, hata kama boda imewashwa na mteja anasema ana haraka.

Wengine hulipa kweli, wakachukua mzigo, halafu wakaomba pesa irudishwe eti walikosea namba. Kama unauza mara kwa mara, tumia Till au Pochi la Biashara. Pochi haimruhusu mteja kurudisha malipo bila wewe kukubali.

Na kwa pande zote mbili: kupokea pesa hakuhitaji PIN. Kamwe. Mtu akikuambia "nimekutumia refund, itakuja kwa skrini, weka PIN uipokee," hiyo skrini inaomba ruhusa ya kukutoa pesa. Soma imeandikwa nini, kisha uifunge.

Kama imeshatokea

Usipoteze saa ya kwanza ukimtukana kwa WhatsApp. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja na ueleze kuwa umetapeliwa, ukiwa na ile namba ya muamala. Kwa Safaricom, namba na jumbe za ulaghai zinaripotiwa bure kwa 333. Kama pesa bado haijatoka, dakika zina maana.

Halafu piga skrinshoti za tangazo, mazungumzo, wasifu na ujumbe wa malipo kabla hajafuta, na usifute chochote upande wako hata kama unaona aibu kukisoma. Nenda kituo cha polisi, andikisha na uondoke na namba ya OB. Bila OB, mtandao hauwezi kutoa taarifa za mwenye laini kwa uchunguzi, na kesi yako inabaki hadithi. Ulaghai wa namna hii unaguswa na sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, kwa hivyo usikubali kuambiwa "hiyo ni maneno yenu ya biashara." DCI pia wana namba ya bure, 0800 722 203, na huhitaji kujitaja.

Kisha ripoti tangazo kwa Facebook au Jiji, na uweke namba ile kwa grupu ya WhatsApp ya ploti. Jihadhari na anayekuja baadaye akisema anaweza "kufuatilia na kurudisha pesa" kwa ada ndogo. Huyo alipata namba yako kutoka kwa yule wa kwanza, au ni yeye mwenyewe.